Taa Upande wa Kulia

Daftari langu la kwanza la kuchorea lilikuwa la springi, na ile springi ilinitesa. Waya ulikaa kushoto, pale pale mkono wa mtu mashoto unapolala anapochora. Baada ya nusu saa kiganja kilikuwa na alama kama nimelalia mkeka. Halafu kulikuwa na risasi ya penseli. Niliipenda 4B kwa weusi wake, lakini weusi huo ulihamia ukingoni mwa kiganja, na kutoka hapo ukarudi kwenye karatasi, mahali nisipoutaka.

Nasoma shahada ya uzamili ya akiolojia Dar es Salaam, na kuchora ni sehemu ya kazi: vigae, kuta, makaburi. Picha tunapiga, lakini anayechora hulazimika kuukodolea macho ufa ambao mpiga picha ameupita. Shida ni kwamba kila kitu kimepangiwa watu wa mkono wa kulia. Viti vya darasani vina kibao cha kuandikia upande wa kulia. Hata mwanga una upande wake. Desturi ya michoro yetu ni kuchukulia kwamba mwanga unatoka juu kushoto. Mwenzangu akiweka taa yake huko, mkono hauzibi kitu. Mimi nikiiweka huko nachora ndani ya kivuli cha ngumi yangu.

Ilinichukua karibu mwaka kupata mkao. Kwanza niligeuza daftari nikaanza kulitumia kutoka nyuma, waya ukahamia kulia. Nikaomba kipande cha plaiwudi kwa fundi seremala, nikakiinua kwa vitabu viwili, karatasi nikailaza juu yake, kichwa chake kimeelekea kulia kidogo. Chini ya kiganja naweka karatasi nyingine safi. Kivuli naanzia kulia kwenda kushoto, mistari kwa HB, 4B inakuja mwisho kabisa. Taa nimeihamishia kulia, na kivuli cha juu kushoto nakibuni kichwani.

Tulipokwenda kuchora magofu ya Tongoni, kusini mwa Tanga, nilipata bahati. Pwani yetu kibla ni kaskazini. Ukikaa kuutazama mihrabu wa ule msikiti, jua la asubuhi linakujia kutoka kulia. Kwa mara ya kwanza taa ilikuwa upande wangu bila mimi kuihamisha. Nilimaliza kabla ya saa nne, wenzangu wakisubiri alasiri.

Kutoka Tongoni nilipitia nyumbani Tanga, kwa bibi mzaa mama. Ndiye aliyenifundisha kuuonea aibu mkono huu. Mpini wa mwiko ulikuwa karibu naye kila tukila. “Mkono wa kulia ni wa kulia,” alikuwa akisema, “huo mwingine una kazi yake na unaijua.” Nikajifunza kula kwa kulia. Chuoni, kwenye Kurani, nikaandika kwa kulia pia, vibaya. Nimekuja kugundua ukubwani kwamba maandishi yale yangenifaa kuliko yote: yanakwenda kulia kuja kushoto, mkono wa mashoto unatangulia na wino unabaki nyuma ukikauka.

Safari hii nilimkuta bibi amepata kiharusi. Maneno yalikuwa yakitoka polepole, na mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya kanga kama si wake. Kula kwa kushoto alikataa katakata. Nikamlisha wali kwa mkono wangu wa kulia, ule mzembe, nikimwaga punje mapajani mwake.

Kilichomkondesha hakikuwa chakula. Kwa miaka mingi bibi ndiye anayeshika daftari la upatu la mtaa, majina yote kwa herufi za Kiarabu, nani katoa, zamu ya nani. Wanawake walikuwa wakija kumjulia hali na kuuliza habari za zamu kwa sauti ya chini. Mama alishauri daftari apewe mtu mwingine. Bibi hakujibu, wala hakusema neno lolote siku mbili.

Usiku wa tatu nilimwekea plaiwudi yangu mapajani, mto chini yake, taa kulia, na daftari langu la kuchorea. Alilipapasa.

“Hili limekaa kama msahafu,” akasema.

Kweli, sikuwa nimewahi kuliona hivyo. Nikampa penseli upande wa kushoto na nikatazama pembeni, kwa sababu nilijua akitazamwa ataiacha. Nilisikia risasi ikikwaruza. Nilipogeuka kulikuwa na jina moja, limetetemeka kama njia ya sisimizi, lakini lilisomeka, na karatasi ilikuwa safi.

“Nilikuchapa sana?” akauliza bila kuinua macho.

“Kiasi, bibi.”

Akaandika jina la pili. Ilipofika la sita aliniambia nichonge penseli. Kufika saa tano hesabu ya mwezi ilikuwa imekamilika, pungufu ya shilingi elfu mbili, na alijua ni za nani. Akaniagiza nikaulize asubuhi, kwa adabu, ila nisirudi mikono mitupu.

Kula kwa mkono ule bado hataki. Nikiwa Tanga namlisha mimi, na wali bado namwaga.