Buruji na Kibuyu

Katika utoto wangu hapa Narung'ombe, sikumbuki hata siku moja kusikia mtu akiulizwa amelipa nini kabla hajaingia ngomani. Mwenye mkono mwepesi alipewa ngoma, mwenye sauti alianzisha wimbo, mwenye miguu alicheza, na asiyejaliwa kimoja kati ya hivyo alipiga makofi. Fundi wa kuwamba ngoma alipewa kuku, na mambo yakaisha hapo. Sisemi kwamba ngoma zetu zilikuwa bure. La hasha! Jando na unyago vilikula nafaka nyingi, na mzazi mwenye mtoto wa kuchezwa alianza kuweka akiba tangu wakati wa palizi. Lakini gharama hiyo ilibebwa na ukoo mzima, tena ililipwa kwa kile kilichotoka shambani. Kijana mwenyewe hakudaiwa.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika shule moja ya msingi ya upande wetu, ambako nilikuwa mjumbe wa kamati ya wazazi. Nalisimulia kwa kuwa kosa lake ni langu pia.

Shule hiyo ilikuwa na bendi yenye ngoma kubwa moja, ngoma ndogo nne, na buruji mbili, yaani yale matarumbeta mafupi ya kiaskari yasiyo na vitufe, ambayo sauti zake hutengenezwa kwa midomo na pumzi tu. Bendi iliongoza wanafunzi kuingia madarasani, ilipokea wageni, na kila ulipokaribia msimu wa Mwenge wa Uhuru watoto walifanya mazoezi mpaka jua linazama. Mwaka mmoja ngozi mbili zilipasuka, buruji moja ikabonyea, na sare zikachakaa. Kamati ikakutana. Tukaamua kwamba kila mtoto wa bendi alete shilingi 35,000 kwa ajili ya shati lenye mapambo mabegani, kofia yenye kishungi, soksi ndefu, viatu vyeusi, na mchango wa vyombo. Hoja ilipopigiwa kura nami nilinyoosha mkono. Tena nilikuwa miongoni mwa waliokisifu kile kishungi.

Hapana budi nieleze kwamba tangu Januari 2016 shule za serikali, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, hazitozi ada. Hilo ni jambo kubwa, na wazazi wengi wa vijijini wanalishukuru. Lakini kufutwa kwa ada hakukumaliza gharama zote. Ngozi ya ngoma bado hupasuka, shaba bado hubonyea, na mtoto bado hurefuka akaiacha suruali yake. Gharama hizo hurudi kwa mzazi kwa jina la mchango wa hiari, na hiari ya mchango ni nyepesi kwa mwenye nacho tu.

Mkutano wetu ulikuwa mwezi wa Februari. Msomaji wa mjini huenda asiuone uzito wa mwezi huo. Huku kwetu fedha huja na korosho mwishoni mwa mwaka, na kidogo huja na ufuta na mbaazi baada ya mavuno yake. Februari ni mwezi wa palizi. Ghala limekwisha, mahindi mapya bado mabichi, na senti ya korosho imekwisha kupita mkononi kama maji. Sisi wajumbe tuliyajua hayo yote, kwani nasi ni wakulima. Hata hivyo tulipanga malipo yafanyike ndani ya wiki tatu.

Miongoni mwa wapigaji alikuwamo binti wa darasa la sita, mtoto wa mjane jirani yangu. Mkono wake ulikuwa wa ajabu. Wenzake walipopotea katikati ya mwendo, walimtazama yeye ndipo wakarejea. Siku wageni walipofika na bendi ikatoka na kofia zake mpya, niliona safu ya ngoma ndogo ina watoto watatu. Nikatoka nje ya uwanja. Nikamkuta chini ya mkorosho, amepindua ndoo ya maji, anapiga juu yake lile pigo lililokuwa likipigwa uwanjani, bila kukosea hata mara moja.

"Shikamoo, babu," akasema, akaificha mikono.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona hupo na wenzako?"

"Mama amesema mpaka korosho."

Sikuwa na jibu. Mpaka korosho ilikuwa miezi minane. Jioni nikaenda kwa mama yake kumwambia kwamba ningelimlipia mtoto. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mzee, nakushukuru. Lakini mwaka huu utamlipia wewe, na mwakani nani? Na hao wengine walioacha, mmewaendea?" Kumbe walikuwapo wengine. Mimi nilikuwa nimemwona mmoja tu, kwa kuwa alipiga vizuri.

Jambo hilo lilinifanya nitafakari hiyo buruji ilikotoka. Wapo wanaosema kwamba ni kitu cha kigeni, na kwamba dawa ya gharama zake ni kuiacha. Sikubaliani nao. Katika miji ya mwambao wa Kenya, tangu miaka ya 1890, vijana wa Kiswahili waliziona bendi za kijeshi za wageni, wakaziiga, wakazigeuza kuwa ngoma yao, wakaiita beni. Beni ilishuka hadi pwani ya Tanganyika, na vyama vyake vikuu viwili vilikuwa Marini na Arinoti. Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918, ambayo ilipita katika kusini hii hii. Jina la Narungombe limeandikwa katika vitabu vya vita hiyo kwa sababu ya mapigano makali ya tarehe 19 Julai 1917, na miezi mitatu baadaye yakafuata yale ya Mahiwa. Askari na wapagazi walikufa kwa maelfu kwa ajili ya ugomvi usiokuwa wao. Waliosalia walirudi makwao na kitu kimoja ambacho hakuna aliyewalipa: sauti ya buruji na mwendo wa gwaride. Nao ndio walioieneza beni bara, hadi Nyasa, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Profesa Terence Ranger, aliyepata kufundisha Dar es Salaam, aliyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1975. Basi buruji ni yetu, na bei yake tumekwisha kuilipa zamani.

Lakini historia hiyo ina funzo la pili. Vyama vya beni vilikuwa na wema mwingi: vilizika wafu, viliuguza wagonjwa, na vilimpokea mgeni aliyefika mjini bila ndugu. Mchango wa mwanachama ulimrudia siku ya shida. Aidha vilikuwa na udhaifu wao. Vilishindana kwa mavazi, kwa vyeo vya kifalme na kwa karamu. Aliyeshindwa mwaka huu alijiona ameaibishwa, na mwaka uliofuata akatumia zaidi. Mashindano ya namna hiyo hayana mwisho, kwa sababu kipimo chake hakimo katika ngoma, bali katika macho ya jirani. Na kishungi chetu kilikuwa cha ukoo huo huo.

Tazama yaliyotokea Marekani. Baada ya vita hiyo hiyo, askari waliorudi nyumbani waliunda vikosi vya ngoma na buruji kupitia chama chao cha American Legion, na baadaye makanisa na vyama vya mitaa vikaunda vya watoto wao. Mtoto alijiunga kwa sababu alikaa mtaa ule. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikaanzishwa chama kiitwacho Drum Corps International, na mashindano yakawa ya taifa zima. Ufundi ulipanda, na hapana shaka ni ufundi wa kustaajabisha. Lakini zikaja safari za majira yote ya kiangazi, walimu wengi wa kulipwa, na vyombo vya thamani kubwa. Leo kijana wa kikosi kikubwa hulipa maelfu ya dola kwa msimu mmoja, na vikosi vilivyokuwa mamia vimebaki makumi. Nchi yenye utajiri mkubwa kama ile imeshindwa kuiweka buruji katika mkono wa mtoto wa maskini. Je, sisi tutaweza kwa kuwafuata katika njia hiyo hiyo?

Njia nyingine ipo, nayo haiko mbali. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wetu na upande wa Malawi, beni ilizaa ngoma za mganda na malipenga. Vijana wa huko waliipenda buruji, lakini shaba hawakuwa nayo. Basi wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, wakaimba ndani yake. Na kibuyu kikatoa sauti ya bendi nzima. Unadhifu hawakuuacha, kwani wachezaji wa mganda husifika kwa mavazi meupe. Lakini sauti yao yenyewe ilitoka shambani, na kibuyu kikivunjika mbegu zimo ndani yake.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliyaweka maneno hayo mawili katika jina moja. Kwa maoni yangu, utamaduni ambao kijana hawezi kuuingia bila fedha unabaki kuwa tamasha la kutazamwa.

Katika mkutano uliofuata nilisimama, nikasema kwamba nilikosea. Nilipendekeza mambo matatu. Sare ya bendi iwe ni sare ya shule, na anayevaa ndala apige na ndala zake. Ngoma ziwambwe na mafundi wetu kwa ngozi za mbuzi zetu. Na mchango wowote utolewe na kijiji kizima baada ya mnada wa korosho, uingie katika vyombo ambavyo ni mali ya shule, wala asidaiwe mtoto. Ubishi ulikuwa mkubwa. Mjumbe mmoja aliuliza kama tunataka wageni watucheke. Mwishowe hoja ilipita kwa mikono michache. Fundi alichimba mizinga miwili ya mti, akaiwamba, na sauti yake, nzito kidogo kuliko ile ya dukani, husikika mpaka ng'ambo ya mashamba.

Bendi ile sasa ina watoto wengi kuliko ngoma, nao hupokezana. Lakini yule binti hakuwamo. Mpaka sisi wazee tulipomaliza kubishana, alikuwa amekwisha kufanya mtihani wa darasa la saba na kuondoka shuleni. Humwona mara kwa mara akipita njiani na ndoo yake kichwani. Hunisalimu kwa adabu ile ile, nami huitikia. Kamati yo yote inayokaa leo kupanga bei ya bendi, na ikumbuke kwamba mtoto hangoji mpaka korosho.