Nusu ya Meza

Nyumba za wafanyabiashara wa Huizhou hazimkaribishi mpita njia. Kuta zake nyeupe ni ndefu, na madirisha ni madogo, tena yako juu, mahali ambapo mkono wa mwizi haufiki wala jicho la jirani. Wanaume wengi walikuwa mbali, na nyumba zilijengwa ziwalinde waliobaki.

Nilifika huko wakati wa likizo, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili nchini China. Nilipanda treni ya mwendo kasi hadi Huangshan, kusini mwa jimbo la Anhui, kisha basi hadi vijiji vya Xidi na Hongcun, ambavyo tangu mwaka 2000 vimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Eneo hilo ni la milima na ardhi ya kulima haitoshi. Ndiyo maana enzi za Ming na Qing familia ziliwatuma wavulana wa miaka 13 au 14 kwenda kujifunza biashara mijini. Waliofanikiwa kwa chumvi, chai, mbao na rehani walituma fedha kijijini, zikawa majumba na kumbi za ukoo.

Mwanamama aliyetutembeza alituonyesha uwazi katikati ya nyumba. Mapaa yanainamia ndani ili mvua iangukie uani, kwa kuwa maji ni mali, na mali haimwagwi nje. Kisha akatuonyesha meza mbili za nusu duara, kila moja imeegemea ukuta wake. Mume akiwa safarini, alisema, meza hukaa mbalimbali. Akirudi, huunganishwa zikawa duara. Mgeni akiingia tu anajua kama mwenye nyumba yupo.

Kwetu aliyesafiri alikuwa mama. Ana duka la mapazia Kariakoo, na nilipokuwa darasa la tatu alianza kwenda Guangzhou kufuata mzigo. Bibi, mama yake, alihamia kwetu kutulea. Safari moja ya wiki tatu iligeuka miezi minne. Mama aliporudi aliniletea viatu vizuri sana, vikanibana. Alikuwa amenunua kwa kukumbuka mguu niliokuwa nao alipoondoka. Mtaani walisema, "Mwanamke gani anaacha watoto akazurure Uchina?" Wakati huohuo zile safari zilikuwa zinalipa ada yetu na kupandisha tofali za nyumba ya Mbagala.

Kesho yake nilikwenda Tangyue, wilaya ya She. Hapo malango saba ya mawe yamesimama kwa mstari kati ya mashamba, ukumbusho wa ukoo wa Bao. Mengine yanasifu utiifu kwa mfalme au kwa wazazi. Mawili yanawasifu wajane ambao hawakuolewa tena. Nilisimama chini ya lango mojawapo nikahesabu. Mwanamume aliyeondoka alipata jumba. Mwanamke aliyebaki akavumilia hadi kufa alipata lango. Mama yangu aliondoka, akapata maneno. Bibi alibaki, na hakupata hata hayo, kwa sababu mwanamke anayekaa na wajukuu anaonekana hajafanya kitu.

Jioni nilimtumia mama picha ya zile meza na ujumbe wa sauti kumweleza maana yake. Akajibu kama muuzaji: "Hiyo mbao gani? Wanauza bei gani?" Nikamwambia haiuzwi.

Baada ya muda ukaja ujumbe mwingine, sauti yake imeshuka. "Mwanangu, sasa wewe ndiye uko huko na mimi ndiye nahesabu miezi. Ndiyo najua bibi yako alikuwa anahesabu nini. Ukirudi, usianzie kwangu. Ukitoka uwanja wa ndege pitia kwake kwanza, ule chakula chake, ndiyo uje."