Mto Wetu Shari

Jioni moja, nyumbani kwetu Iga Barrière, binti yangu mwenye umri wa miaka tisa aliweka kitabu chini, akaniuliza: «Papa, shari maana yake ni ubaya. Kwa nini mto wetu unaitwa Ubaya?» Mwalimu alikuwa amewafundisha methali: Heri nusu shari kuliko shari kamili. Tangu siku ile mtoto aliogopa kutia mguu katika maji yale.

Nilicheka kwanza, kisha nikajibu. Kiswahili ni mgeni kwetu. Kilifika pamoja na misafara ya biashara katika karne ya 19. Lakini majina ya mito ni ya wenyeji, nao hawakuyaomba pwani. Maneno mawili huweza kufanana kwa sauti, yasiwe ndugu.

Tena, maji hayafuati majina. Shari huingia Ituri, na Ituri hupita msituni kuelekea magharibi. Ukiisha kupokea Nepoko, mto uo huo huitwa Aruwimi, hata ufike Basoko na kumezwa na mto Kongo. Bali mvua inyeshayo upande wa mashariki wa vilima vyetu hushuka ziwani, ikaenda na Nili mpaka Misri. Ziwa hilo Baker aliliita Albert mwaka 1864. Mwaka 1973 likapewa jina la Mobutu, nalo jina hilo limekwisha pita. Wavuvi hawakuona tofauti katika nyavu zao.

Na huo mto uitwao Ubaya umetutendea nini? Huko Budana ndiko nguvu zake zilikogeuzwa umeme kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto.

Hapo nikanyamaza, kwa maana nilikumbuka miaka ya 1999 hadi 2003. Katika vita vile vya Ituri, watu wengi mno waliuawa kwa sababu ya jina la kabila lao tu. Muuaji alisikia jina, akadhani amekwisha kumjua mtu. Je, alikuwa na akili kuliko mtoto wangu aliyeuogopa mto?

Enyi wazazi wenzangu, tuwafundishe watoto kuuliza kabla ya kuhukumu. Sisi sote tulipewa majina yetu ya ubatizo kwa maji.

Asubuhi yake binti yangu alichukua ndoo, akaniambia: «Papa, twende Shari.»