Majani Wanywayo Waja Wazito

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wanawake hulijua sana, na wanaume hujifanya hawalijui. Limeingia nyumbani mwetu, maana mkaza mwana wetu ana mimba ya miezi saba, na bibi yake amemletea kifurushi cha majani makavu, yachemshwe na kunywewa asubuhi na jioni hata siku ya kuzaa.

Katika milima ya Umatengo, kandokando ya vijito na katika mashamba yaliyoachwa, huota kijiti cha miiba kizaacho matunda madogo mfano wa shanga zilizobanwa pamoja. Watoto wachungao mbuzi huyajua kuliko sisi. Hupenda baridi, ndiyo sababu ukishuka mpaka Mbamba Bay au Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, hukioni, maana ziwa liko mita 475 hivi tu juu ya bahari, na milima ya Mbinga hupita mita 1,300. Ndugu yake wa Ulaya huitwa rasiberi, na wakunga wa Uingereza tangu zamani waliwanywesha waja wazito maji ya majani yake, wakisema hulainisha njia ya mtoto.

Bibi alituambia, “Wanangu, haya si uganga, ni majani tu.” Tukamjibu, “Ndiyo, mama, twajua.” Maana jani halina dhambi. Ramli ni jambo moja, na mmea wa shambani ni jambo jingine. Hata serikali yetu haikuidharau miti: tangu mwaka 1974 wataalamu wa Muhimbili huchunguza dawa za asili, na mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Basi lipasalo kuulizwa ni hili: jani hili lafanya nini, nalo lanywewa wakati gani?

Wataalamu wa Uingereza walilichunguza jani la rasiberi mwaka 1941, wakaona kwamba maji yake huweza kulegeza msuli wa mji wa mimba, na pengine huukaza. Kisha mwaka 2001 ilitolewa habari ya wanawake 192 wa Australia. Wengine walipewa vidonge vya jani hilo tangu wiki ya 32, wengine vidonge visivyo na dawa. Hawakuonekana kudhurika, wala watoto wao. Uchungu wa kwanza haukufupishwa. Ule wa kusukuma ulipungua kama dakika 10, wala tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kitu. Wanawake 192 ni wachache, na kijiti chetu ni ndugu wa rasiberi, si rasiberi yenyewe. Kwa hiyo asiapishwe mtu kwamba yanafaa, wala asitishwe kwamba yanaua.

Walakini ipo dawa nyingine, na hapo ndipo tunapoogopa. Ni ile mizizi na magome anywayo mwanamke uchungu ulipokwisha kumshika, ili mtoto atoke upesi. Ng’ambo ya ziwa, katika Malawi, huitwa mwanamphepo, na huku pia ipo kwa majina mbalimbali. Twajua kwa nini hupendwa. Aliye katika kijiji cha ufukoni, na pepo ya mwera inavuma hata mitumbwi haitoki, aona heri amalize nyumbani kuliko kuzalia majini. Zamani meli Chauncy Maples, iliyoanza kazi mwaka 1901, ilipita pwani hizi na matibabu. Lakini uchungu haungoji meli.

Basi sikieni namna dawa hiyo inavyofanya kazi. Mji wa mimba hukaza, kisha hulegea. Na katika kulegea ndipo damu humfikia mtoto vizuri, naye hupata hewa yake. Dawa kali ikiukaza bila kuulegeza, mtoto hukosa hewa tumboni. Tena mtoto akiwa amelala kingamo, au njia ikiwa nyembamba, au mama akiwa na kovu la kupasuliwa, msuli huo waweza kuchanika, na mama akafa kwa kutokwa damu. Hospitali nao wanayo dawa ya kuongeza uchungu, lakini huipima tone kwa tone, na muuguzi husikiliza moyo wa mtoto. Chungu cha jikoni hakina kipimo. Mzizi wa mwaka huu si sawa na wa mwaka jana.

Na liko neno baya kupita hayo. Mwanamke mmoja wa jirani zetu alikunywa nyumbani, kisha akapelekwa kuzalia hospitali. Alipoulizwa, “Umekunywa dawa?” alijibu, “Sikunywa,” maana mwenzake aliyekiri kabla yake alikaripiwa mbele ya watu. Wakamtundikia dawa ya hospitali juu ya ile ya chungu. Yeye alipona, mtoto hakupona. Hatumtaji mtu, wala hatuhukumu. Lakini twasema wazi: pale palipo na karipio, ndipo uongo huzaliwa, na uongo huo huchukua roho.

Nyumbani mwetu tumepatana hivi. Kifurushi cha bibi hakikutupwa, maana kumtupia mzee majani yake ni kumtupa yeye mwenyewe. Mkaza mwana wetu alikichukua kliniki, akamwonyesha muuguzi, naye akamwambia aache kwa sasa, maana kipimo chake hakijulikani. Bibi alinuna siku mbili, siku ya tatu alisema, “Basi, mimi nitamchemshia uji.” Tena tumemwomba aende naye Litembo kabla ya siku zake, akae karibu na hospitali, ili mtu asipate haja ya kuharakisha lolote njiani.

Ninyi walimu, wafundisheni vijana kabla hawajaoa. Ninyi wauguzi, ulizeni kwa upole. Ninyi bibi zetu, msifiche. Katika nchi yetu hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilionyesha akina mama 556 waliokufa kwa uzazi katika kila vizazi hai 100,000; ya mwaka 2022 ilionyesha 104. Njia imefunguka, lakini hao 104 nao ni binti za watu. Mwenye mja mzito nyumbani na amwulize leo, kwa sauti ya upole, “Unakunywa nini?” kisha asikilize jibu mpaka mwisho.