Usiutazame Mkia wa Neno

Mpwa wangu mpenzi,



Barua yako ya kuomba kazi nimeisoma. Ni nzuri, ila sentensi moja isimfikie mwajiri kama ilivyo: "I work hardly." Ulikusudia kusema unafanya kazi kwa bidii, lakini yeye ataelewa kwamba kazi huifanyi ila kwa nadra. Andika "I work hard."

Kosa hili nalielewa. Shuleni tuliambiwa kwamba kielezi ni kivumishi kilichoongezwa -ly: slow ikawa slowly, careful ikawa carefully. Kwa maneno mengi ni kweli. Lakini hard, fast na late hayahitaji mkia huo ili yawe vielezi. Ukisema lately, umeshasema "siku hizi", si "kwa kuchelewa". Na friendly, pamoja na mkia wake, ni kivumishi. Kwa hiyo jiulize: neno hili linaeleza nini? Likimweleza mtu au kitu, weka kivumishi. Likieleza tendo limefanyika vipi, weka kielezi. "She is a good teacher", lakini "She teaches well."

Kwetu hupati tabu, maana viambishi vinakushika mkono: mwalimu mzuri, kitabu kizuri, anafundisha vizuri. Good ya Waingereza haigeuki hata kidogo, iwe ni mwalimu mmoja au vitabu mia.

Panapohitaji utulivu zaidi ni kwenye vitenzi vya hisi, na hapo hata waliosoma sana huteleza. Tazama hizi mbili: "He looked angry" na "He looked angrily at me." Ya kwanza inaeleza sura ya mtu, alionekana amekasirika, pengine hata hakumtazama yeyote. Ya pili inaeleza namna alivyonitupia jicho. Vivyo hivyo "The soup smells good": supu hainusi chochote, sifa ni yake, basi kivumishi. Kila nikilifikiria jambo hili naona lilivyopangwa kwa akili, nami natamani nawe ulipende, usilikariri tu.

Sasa rudia barua yako. Kila neno la sifa, lichoree mshale hadi neno linaloelezwa. Ukimaliza nitumie kabla hujaipeleka. Nataka pia tuitazame aya ya mwisho, naona "very" zimezidi.

Akupendaye,
Mjomba wako