Mjusi mgeni na siku zake za kwanza

Jamani, leo hatuandiki juu ya posho wala juu ya karatasi. Tunaandika juu ya mjusi.

Mdogo wetu mmoja, mwenye miaka 12, aliondoka hapa makazini Uganda mwaka jana pamoja na mama yake, wakapelekwa Marekani. Bado yumo kwenye grupu yetu ya WhatsApp. Mwezi uliopita akatuma video: sanduku la kioo, na ndani yake mjusi wa manjano, madoa meusi, mkia mnene kama kidole gumba. Jirani alikuwa anahama, akamwachia. Sauti ya mtoto ilikuwa inatetemeka: "Yaya, leo siku ya tano, hataki kula. Atakufa."

Kwanza tulicheka. Kwetu Kivu mjusi akiingia nyumbani anafukuzwa kwa ufagio, na mama yake pia alitaka kumtupa nje. Lakini mtoto huyu tangu afike kule hajapata rafiki, Kiingereza bado kinamkwama. Huyo mjusi ndiye wa kwanza kumwita "wangu". Basi tukachanga bando, wanaojua Kiingereza wakasoma, tukatafsiriana.

Kumbe anaitwa mjusi-chui. Asili yake ni sehemu kavu zenye mawe, Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Si kama wale wa kwenye kuta zetu: huyu ana kope, anafumba macho akilala, na miguu yake haishiki kioo. Mchana anajificha, jioni anatoka kuwinda. Mkia ni ghala lake, anaweka humo mafuta ya siku za njaa. Kwa hiyo tukamwambia mdogo: angalia mkia. Ukiwa bado mnene, tulia. Ukianza kukonda, mpelekeni kwa daktari wa wanyama.

Halafu tukamwomba azungushe kamera tuone nyumba yenyewe. Hapo ndipo tukaelewa. Taa moja kali inawaka usiku na mchana. Chini mchanga mtupu. Hakuna hata pa kujificha. Na mtoto mwenyewe akakiri: kila siku anamshika mara kumi, kumwonyesha kila anayepita.

Tulimwandikia hivi. Upande mmoja wa sanduku uwe na joto, nyuzi 31 hadi 33 pale anapolala, na kifaa kinachozima umeme joto likizidi. Upande wa pili uwe wa baridi kidogo, chini ya nyuzi 26, ili achague mwenyewe. Weka maficho matatu: moja kwenye joto, moja kwenye ubaridi, na moja lenye unyevu, hata kopo la plastiki lililotobolewa mlango na kuwekwa kitambaa kibichi, maana pale ndipo anapojivua ngozi vizuri. Toa mchanga, anaweza kuumeza pamoja na mdudu ukamziba utumbo. Tandika karatasi. Maji safi kila siku. Chakula ni wadudu hai, kama nyenje, waliopakwa unga wa kalsiamu. Majani hali. Usiku zima taa. Usimshike mkia, akiogopa anaukata na kukimbia. Ukigusa sanduku, nawa mikono. Na kubwa kuliko yote: wiki mbili usimshike kabisa.

"Wiki mbili!" akalalamika. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tukamjibu: huyu jembe lake lisubiri.

Mmoja wetu akatania kwamba mjusi ana vyumba vitatu na sisi tuko saba chumba kimoja. Tukacheka tena, halafu grupu ikanyamaza. Kisha dada mmoja akaandika juu ya wiki yake ya kwanza baada ya kuvuka mpaka: hema kubwa, taa haizimwi, watu wanapita, kila saa mtu mpya anauliza ulitoka wapi, nani alikufa. Alishindwa kula siku nne. Watu wakasema ana kiburi. "Nilikuwa natafuta tu pa kujificha," akaandika.

Wengi wetu tuliandika chini yake: hata mimi.

Siku ya 12 mtoto akatuma video nyingine, gizagiza. Mjusi anatoka kwenye kopo lake polepole, anatikisa ncha ya mkia, halafu, pap! nyenje hayupo. Mama alisikika nyuma akisema, "Amekula? Asante Mungu."

Wiki jana familia tatu mpya zilifika mtaani kwetu. Zamani tungeenda na daftari na maswali. Safari hii tulipeleka maji, mkaa, na vitenge viwili vya kugawa chumba kwa pazia. Tukasalimia, tukaonyesha choo kilipo, tukaondoka. Daftari litakwenda baadaye.

Ndugu mnaofanya kazi na wageni, tunawaomba hilo tu: pazia kwanza, maswali baadaye. Na wewe uliyefika juzi, hata usipojibu salamu zetu, hatutakasirika. Tutapita tena.