Shajara ya Chumba cha Seva, Ngara

Ijumaa, 10 Mei 2024. Ngara mjini

Fluent Bit imeanza kazi leo kwenye seva ya hospitali. Programu ya wagonjwa huandika kila inachofanya kwenye faili: nani ameingia, dawa gani imetolewa, ombi gani limekwama. Fluent Bit inasoma faili hilo na kuipeleka mistari yake, yaani logi, CloudWatch, huduma ya wingu ya kutunzia logi, kwenye kituo cha Cape Town. Katibu wa hospitali aliuliza kwa nini tupeleke mbali hivyo kitu tulichonacho tayari. Nikamwambia: mzee, seva ikiungua, logi zilizomo zinaungua nayo, na hizo ndizo zingetueleza imeunguaje. Tena mhandisi wetu yuko Mwanza, hawezi kupanda basi kila fomu inapogoma kufunguka. Akaridhika.

Kilichonichelewesha ni majina. Walioandika programu walitia jina la mgonjwa na namba ya jalada ndani ya ujumbe wa hitilafu, ili wao watafute kwa urahisi. Mstari mmoja tu ungetosha kumwambia mtu wa mbali kwamba mama fulani wa Rulenge alipimwa nini na lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na kuzivusha nje ya nchi kuna masharti. Hata pasingekuwa na sheria, Ngara watu wanajuana kwa ukoo na kwa kilima. Nimeweka kichujio: jina linafutwa na kubaki msimbo kabla mstari haujatoka humu chumbani. Daftari la kuoanisha msimbo na mtu halitoki.

Jumapili, 12 Mei

Intaneti imekatika. Nilidhani ni mvua, kumbe ni nchi nzima. Waziri Nape Nnauye ametangaza kuwa kebo za baharini zimepata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Zinatajwa EASSy na Seacom. Ni upande uleule logi zetu zinakoelekea.

Wodini kazi haikusimama, kwa kuwa programu inaishi ndani ya mtandao wa jengo. Hili nalishikilia kwa nguvu zote: programu isingoje logi ifike ng'ambo ndipo imhudumie mtu. Nimewahi kuona mfumo ulioandika moja kwa moja kwenye wingu. Laini ilipokatika ukabaki unasubiri jibu, foleni ya dirisha la dawa ikafika nje, na mama mwenye mtoto mwenye homa akasimama juani kwa ajili ya mstari usiomhusu. Programu iandike kwenye diski, imalize, iendelee. Mpelekaji, yaani Fluent Bit, atafuata nyuma kwa wakati wake.

Fluent Bit isipoelekezwa hutunza mzigo kwenye RAM, na ikishindwa kutuma hurudia mara moja tu kisha hutupa. Yetu inatunza kwenye diski na kurudia bila kikomo. Nimeipa kiwango cha nafasi, logi zisije zikajaza diski hadi hifadhidata yenyewe ikakosa pa kuandika.

Jumatatu, 13 Mei

Umeme upo, laini hakuna. Mzigo unakua taratibu. Nimelala mapema.

Jumanne, 14 Mei. Kabanga

Nimekuja zahanati kwa sababu ya saa. Mwezi uliopita muuguzi alilaumiwa kwamba alitoa dawa kabla tabibu hajaiandika. Ndivyo logi zilivyoonyesha. “Kaka, mimi natoa dawa bila karatasi, tangu lini?” aliniuliza, na machozi yalikuwa karibu.

Hapa Burundi ni ng'ambo ya barabara tu. Kishikwambi cha dirisha la dawa kikinasa mnara wa kule, saa yake inarudi nyuma saa nzima, maana Burundi na Rwanda wako mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia, kwa saa 2, sisi kwa saa 3. Programu iliandika saa ya ukutani bila kusema ni ya nchi gani. Dawa iliyotolewa 10:20 ikasomeka 9:20, na tabibu alikuwa ameandika 10:05. Sasa kila mstari unabeba UTC. Nimemwandikia mganga mfawidhi barua ya kumsafisha dada yule, nikaambatisha mistari yote miwili. Barua hiyo imenipa furaha kuliko kazi yoyote ya mwaka huu.

Alhamisi, 16 Mei. Ngara

Laini inarudi kwa kusuasua. CloudWatch haipokei tukio lililopita siku 14, na kifurushi kimoja hakiruhusiwi kubeba matukio ya zaidi ya saa 24, hivyo mzigo unaenda vipande vipande. Haipokei pia tukio lililo mbele ya saa yake kwa zaidi ya saa 2. Programu ya maabara ilikuwa bado inaandika saa yetu kana kwamba ni UTC, mbele kwa saa 3, na mistari yake mipya ikawa inakataliwa. Imerekebishwa. Nimepunguza kasi ya kutuma mchana ili vipimo na rufaa vipite kwanza.

Ijumaa, 17 Mei. Biharamulo

Basi kupitia Benaco na Nyakahura, malori ya Kigali na Bujumbura barabara nzima hadi Lusahunga. Mwenzangu wa hapa anataka tutume kila kitu, hata hoja zote za hifadhidata, “maana hatujui tutakachokihitaji kesho.” Namwelewa, amewahi kutafuta hitilafu bila ushahidi. Lakini kila mstari unaopelekwa unalipiwa, na hoja za hifadhidata zina majina ndani yake. Tumebishana hadi chai ikapoa. Tumekubaliana hivi: hoja zibaki kwenye diski ya Biharamulo kwa siku 90, zifunguliwe mbele ya watu wawili. Yanayokwenda Cape Town ni tukio, saa, msimbo na matokeo. Kichujio ataandika yeye, mimi nitakijaribu Jumatatu kwa majina ya kubuni.